Unapompenda mraibu: namna ya kuacha kuulisha uraibu bila kumtupa mtu

Kwa miaka sita mama yangu alivaa ufunguo wa kabati shingoni, ukiwa umefungwa kwa kamba ya kiatu, na usiku alilala na mtungi wa gesi kando ya kitanda chake. Pasi, feni na masufuria makubwa ya shughuli yalikwisha kuondoka kimoja baada ya kingine, na kila kilichoondoka asubuhi kilikuwa kimegeuka kete za heroini kabla ya adhuhuri. Jirani akimuulizia kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiviuza, jibu lilikuwa kwamba ana malaria, au amekwenda Pangani kwa mjomba wake. Mama hakuwahi kuonja unga, yaani hiyo heroini, maishani mwake, lakini siku yake nzima ilipangwa na unga. Aliamka mapema kwa sababu ya unga, alidanganya kwa sababu ya unga, na zamu yake ya upatu aliyoingojea mwaka mzima ilikwenda kumtoa polisi mtu aliyerudi kijiweni jioni ileile.

Mwongozo huu nimewaandikia watu kama yeye, yaani wake, waume, wazazi na ndugu wa watu walionaswa na heroini au pombe, hasa katika miji yetu ya pwani, kuanzia Lamu, Malindi na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, ambako heroini imekuwa ikiingia kwa njia ya Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1980. Ninachotaka kukieleza kwa urefu ni kwamba familia inaweza kubadili mwendo wake hata kabla mraibu hajakubali kubadilika, na kwamba mabadiliko hayo ya familia mara nyingi ndiyo yanayomsogeza mraibu kwenye tiba.

Jina la hali hii na mipaka yake

Hali ninayoizungumzia nitaiita utegemezi mwenza. Mraibu anaitegemea dawa, na wewe unamtegemea mraibu kwa namna ambayo usingizi wako, amani yako na hata thamani unayojiona nayo vinasubiri kujua ameamkaje leo. Wazo hili lilikulia Marekani miongoni mwa jamaa wa walevi. Lois Wilson, mke wa Bill Wilson aliyeshiriki kuanzisha chama cha Alcoholics Anonymous mwaka 1935, aligundua kwamba hasira na mahangaiko yake hayakuisha mumewe alipoacha pombe, na mwaka 1951 akashiriki kuanzisha Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi wenyewe. Neno lenyewe lilienea baadaye kupitia washauri wa vituo vya tiba ya ulevi, na mwaka 1986 daktari wa akili Timmen Cermak alipendekeza hali hii itambuliwe kama ugonjwa wa haiba. Pendekezo hilo halikuingizwa katika mwongozo rasmi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani.

Historia hiyo ina maana kwako. Utegemezi mwenza ni jina la mwenendo ambao mtu anaweza kujifunza kuuacha, na wala si ugonjwa uliothibitishwa. Limewahi kutumiwa vibaya kuwalaumu wanawake, kana kwamba mume anakunywa kwa sababu mke ana kasoro. Ukikutana na mshauri, kiongozi wa dini au mkwe anayekuambia kwamba wewe ndiwe uliyemfikisha mwenzako huko, usimkubalie.

Lugha yetu pia ina neno kutegemeana, na hilo ni neno jema. Katika jamii ambayo shangazi analipa ada ya mpwa na mtoto mkubwa anamjengea mama nyumba, haiwezekani kila msaada uitwe kasoro. Kwa hiyo kipimo nitakachokitumia katika mwongozo huu wote hakihusu ukubwa wa msaada, bali mahali unapofikia. Kila unapotoa kitu, jiulize kama kimemfikia mtu au kimeufikia uraibu wake. Sahani ya wali aliyoila mbele yako imemfikia mtu. Kilo mbili za mchele ulizompa aondoke nazo huenda zikauzwa kona ya kwanza.

Hatua ya kwanza: weka daftari kwa siku 14

Usibadilishe chochote kwanza. Chukua daftari dogo, lifiche mahali salama, na kila usiku kwa wiki mbili jaza safu tatu. Katika safu ya kwanza andika ulichotoa: fedha, vocha, nauli, nguo, deni ulilolipa. Katika safu ya pili andika uliyowaambia watu kwa ajili yake: kwa mwajiri kwamba anaumwa, kwa mwenye nyumba kwamba kodi inakuja, kwa mtoto kwamba baba amechoka tu. Katika safu ya tatu andika ulichoacha kukifanya kwa sababu yake, kama vile harusi usiyohudhuria, kliniki ya presha uliyoikosa, biashara uliyoifunga mapema, au sala uliyoisali huku sikio liko mlangoni.

Watu wengi huogopa jumla ya safu ya kwanza, na kweli jumla hiyo huogofya. Lakini mimi nimeona kwamba safu ya tatu ndiyo huwaliza. Mama yangu aliniamuru nimwandikie, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamedhoofika, na tulipofika siku ya tisa alisema hakumbuki lini mara ya mwisho alikwenda kwa dada yake, ambaye anaishi mtaa wa pili.

Mwisho wa wiki mbili, msomee daftari mtu mmoja unayemwamini ambaye hana tabia ya kupeleka maneno. Kisha pitia kila mstari wa safu ya kwanza na uweke alama mbele ya kile ambacho, kwa ukweli wa moyo wako, kiliufikia uraibu. Alama hizo ndizo kazi yako ya miezi ijayo.

Hatua ya pili: ujue unga unafanya nini mwilini

Heroini huingia kwenye sehemu za ubongo zinazotuliza maumivu na kuleta raha, na kwa matumizi ya kila siku ubongo huizoea kiasi kwamba dozi ya jana haitoshi leo. Ikikosekana, mwili huasi. Huo uasi ndio watu wa vijiweni wanaouita arosto. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho kwa miayo, kamasi na machozi, kisha mifupa huuma, ngozi husisimka, tumbo huharisha, mtu hutapika na kukosa usingizi. Kilele chake ni siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida mwili hutulia baada ya wiki moja hivi. Kwa hiyo mtu anayekuibia saa kumi na mbili asubuhi mara nyingi hatafuti starehe tena. Anaikimbia arosto. Kulijua hilo hakuhalalishi wizi, ila kunakuokoa usipoteze miaka ukijiuliza kwa nini hakupendi vya kutosha.

Kuna makosa mawili ambayo familia zetu huyafanya hapa. La kwanza ni kudhani kwamba arosto ikiisha uraibu umeisha. Mwili hutulia, lakini hamu hubaki kwa miezi na miaka, na huamshwa na vitu vidogo kama njia fulani, rafiki fulani au siku ya mshahara. La pili ni hatari zaidi: kumfungia ndani mlevi wa pombe kama wanavyofungiwa watumiaji wa heroini. Arosto ya heroini hutesa mno, na mgonjwa anahitaji maji ya kutosha kwa sababu ya kuhara na kutapika, lakini mara chache huua mtu mzima mwenye afya. Mtu aliyekunywa gongo, chang'aa au pombe kali kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa, kuweweseka na kufa ndani ya siku chache. Mlevi wa aina hiyo aache pombe akiwa chini ya uangalizi wa hospitali.

Hatua ya tatu: tenganisha stara na kuficha

Kwetu pwani, kumsitiri mwenzako ni ibada na ni heshima. Mke hatangazi aibu ya mumewe sokoni, na mama hamvui nguo mwanawe mbele za watu. Siamini kwamba mtu anapaswa kuitupa stara ili asaidie mraibu, na nimewahi kusikia mafunzo yanayodai hivyo, ambayo wanawake wa kwetu waliyaacha siku ya pili.

Stara humlinda mtu, ilhali kuficha huulinda uraibu. Ukinyamaza kimya kwa jirani mdaku, umesitiri. Ukimdanganya daktari kwamba vidonda vya mkononi ni vya mbu, umeficha, na ugonjwa unaoweza kuambatana na sindano, ukiwemo virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya C, utaendelea bila kutibiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Chagua basi watu watatu au wanne ambao watajua ukweli wote: mhudumu mmoja wa afya, ndugu mmoja mwenye busara, na mtu mmoja wa nje ya ukoo. Kwa wengine wote jibu lako liwe fupi na la kweli: "Hayuko vizuri, tunamuombea." Huhitaji kutunga safari ya Pangani. Uongo una gharama, kwa sababu lazima ukumbukwe na utunzwe, na watoto wa nyumba huusikia na kujifunza kuutunza pia.

Mke au mume wa mtu anayejidunga apime afya yake mwenyewe, hata kama mwenzake anakataa kupima.

Hatua ya nne: fedha

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kanuni ni kwamba fedha taslimu haimfikii mraibu anayetumia, wala fedha ya simu, wala kitu kinachouzika kwa urahisi. Kwenye karatasi ni sentensi moja, lakini katika maisha ina milango mingi ya nyuma, na kila mlango unahitaji kufungwa kwa namna yake. Chakula kipikwe na kiliwe nyumbani, kwenye sahani, kwa saa zinazojulikana. Akichelewa, chakula chake kimefunikwa mezani, hakigeuki kuwa fedha. Dawa za hospitali nunua mwenyewe. Nauli ya kwenda kwenye tiba usimkabidhi. Panda naye, au mlipe dereva wa bodaboda au bajaji unayemfahamu. Nguo mpya za sikukuu mpe asubuhi ya sikukuu yenyewe. Vitu vya thamani vya nyumba, pamoja na hati, vyeti na dhahabu, viondolewe kabisa na kuhifadhiwa nyumba nyingine, kwa kuwa kufuli huvunjwa na ulinzi wa usiku kucha ndio huo unaokula mwili wako.

Deni la muuzaji wa unga ni jaribu gumu kuliko yote. Kijana anakuja anatetemeka, anasema asipolipa watamkata kwa panga, na wakati mwingine ni kweli. Ushauri wangu, ambao najua ni mzito, ni usilipe. Siku ukilipa, muuzaji amejua kwamba mdhamini wa mteja wake ni wewe, na mkopo ujao utakuwa mkubwa zaidi. Mwondoe kijana mtaani usiku huohuo, mpeleke kwa ndugu wa mbali au moja kwa moja kwenye tiba ikiwa anakubali, na kama tishio ni la wazi lipeleke polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa.

Akikamatwa, nenda ukamwone. Mpelekee chakula, na kama anatumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, waeleze askari na muuguzi wa kliniki yake mapema, kwa sababu hatakiwi kukosa dozi. Kuhusu dhamana, usiamue peke yako saa sita za usiku simu inapolia. Amueni mkiwa familia, asubuhi, na mkumbuke hatari nitakayoieleza mbele, kwamba mtu aliyekaa siku kadhaa rumande bila unga anatoka akiwa na mwili usioweza kuhimili dozi yake ya zamani.

Kanuni hii haifanyi kazi nyumba ikiwa na mkoba mmoja uliofungwa na mwingine ulio wazi. Karibu kila familia ina bibi anayefungua pindo la kanga kimyakimya, au mjomba aliyeko Muscat anayetuma fedha kwa huruma kwa kuwa anachokumbuka ni mtoto aliyemwacha shule ya msingi. Itisheni kikao. Msimlaumu bibi. Msomeeni daftari, mpeni kazi nyingine ya mapenzi, kwa mfano kwamba chakula cha mchana cha mjukuu huliwa kwake, na mjomba aelezwe kwamba fedha yake itapokelewa na mtu mmoja aliyeteuliwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya tiba. Kwetu tulihitaji vikao vitatu, na katikati ya cha pili shangazi aliondoka kwa hasira.

Kuna methali inayosema mtoto akililia wembe mpe. Ina hekima yake kwa mambo madogo: aliyelala na nguo chafu aamke nazo, aliyekosa kazi kwa kulewa amweleze mwajiri mwenyewe. Lakini siikubali kwa uraibu wote, kama wanavyoitumia wanaosema mwache aanguke mpaka chini kabisa. Kwa mtumiaji wa heroini chini kabisa huwa ni kaburi. Mwachie matokeo yanayofundisha, na umkinge na yale yanayoua.

Hatua ya tano: zungumza kwa wakati wake

Usizungumze na mtu aliyelewa, wala aliye kwenye arosto. Wakati mzuri ni ule ambao ametulia, amekula, na hakuna hadhira. Familia nyingi hufanya kinyume: siku ya amani hunyamaza kwa kuogopa kuiharibu, na siku ya fujo humwaga maneno ya mwezi mzima. Hivyo mraibu hupata sauti ya familia anapotumia na ukimya anapojitahidi.

Mwanasaikolojia Robert Meyers wa Marekani alitengeneza njia inayowafundisha ndugu kugeuza mpangilio huo: siku mtu hajatumia, aone uso mkunjufu, chai na mazungumzo, siku ametumia, ujiondoe kwa utulivu bila matusi na bila kumsafishia alichochafua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwahusisha ndugu 130 wa walevi waliokuwa wamekataa tiba. Kwa waliofundishwa njia hii, asilimia 64 ya walevi wao waliingia kwenye tiba. Kwa waliofundishwa kumkabili mlevi katika kikao cha ghafla ilikuwa asilimia 30, na kwa walioelekezwa njia ya Al-Anon ilikuwa asilimia 13, ingawa ni haki kukumbuka kwamba lengo la Al-Anon ni nafuu ya ndugu mwenyewe. Ninazitaja takwimu hizo kwa sababu zinapingana na desturi yetu ya kuwaita wazee kumi wamzunguke kijana na kumsema.

Maneno yenyewe yawe machache na yaeleze utakachofanya wewe. Mama yangu aliyasema hivi, baada ya kuyafanyia mazoezi kwangu mara nyingi:

"Mwanangu, leo tumekunywa chai pamoja na nimefurahi. Nina jambo moja. Kuanzia leo fedha sitakupa, hata ya nauli. Chakula kipo kila siku, saa saba na saa mbili usiku. Siku utakayotaka kwenda kliniki, hata iwe alfajiri, nitakusindikiza."

"Kwa hiyo mama umenichoka."

"Sijakuchoka, mwanangu. Fedha ndiyo sitoi."

Kaka aliondoka na kubamiza mlango. Jaribio lilikuja baada ya hapo, kwa muda wa wiki tatu hivi, ambapo aliomba, alilia, alitukana, alimtuma rafiki, kisha akaugua kwa kweli. Tarajia hilo. Ukitoa siku ya ishirini baada ya kukataa siku kumi na tisa, umemfundisha kwamba bei ya kukushinda ni siku ishirini.

Hatua ya sita: mipaka, na pale usalama unapotangulia

Mpaka ni kauli kuhusu mwenendo wako, na ni lazima uwe unaouweza. "Usipoacha nitakufukuza" ni kitisho, na kikitolewa mara tano bila kutekelezwa huwa wimbo wa nyumba. "Ukija umelewa sitafungua mlango wa ndani, utalala barazani na blanketi lipo" ni mpaka. Andika mipaka miwili au mitatu tu, uitekeleze kila siku.

Yote niliyoyasema yanahusu nyumba isiyo na kipigo. Mahali penye kipigo, kisu, au mtoto anayeguswa vibaya, acha mwongozo huu na ondoka au omba msaada kwanza. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na nchini Kenya namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo. Nchini Tanzania namba 116 ni ya kuwasaidia watoto. Kumsubiri mtu apone huku anakupiga si subira inayotakiwa na dini yoyote ninayoifahamu.

Mwangalie pia mtoto mkubwa wa nyumba, mara nyingi msichana, ambaye amejigeuza mama wa wadogo zake na mlinzi wa baba yake. Walimu humsifu kwa utulivu wake. Mweleze kwa lugha ya umri wake kwamba baba anaumwa ugonjwa wa kutumia dawa, kwamba hakuusababisha na hawezi kuuponya, na umrudishie muda wa kucheza.

Hatua ya saba: tayarisha mlango wa tiba kabla haujagongwa

Utashi wa mraibu huja kwa saa, na mara nyingi huja asubuhi baada ya usiku mbaya. Ukianza kutafuta namba za simu saa hiyo, saa itapita. Kwa hiyo jua mapema kliniki iko wapi, inafunguliwa lini, inataka kitambulisho gani, na nani atakusindikizeni.

Kwa heroini, tiba yenye ushahidi mkubwa ni methadoni. Tanzania ilianza kuitoa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na baadaye ikafika pwani. Zanzibar ilianza mwaka 2015 Kidongo Chekundu. Ni dawa ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Huzuia arosto kwa saa 24 au zaidi bila kumpa mtu ule mlipuko wa raha. Ndugu wengi husema huko ni kubadilisha dawa kwa dawa. Mimi naangalia siku ya mtu: aliyekuwa akitafuta kete tatu au nne kila siku kwa wizi na uongo sasa anakunywa dozi yake saa mbili asubuhi na kubaki na siku nzima. Asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, kwa kuwa mchanganyiko huo huzima pumzi, na akikosa dozi kwa siku tatu mfululizo amwambie mhudumu kabla ya kunywa tena, maana kiasi chake huhitaji kupimwa upya.

Njia nyingine ni nyumba za nafuu, ambazo wengi huziita soba, ambako mtu hukaa kwa miezi bila dawa yoyote akiongozwa na walioacha kabla yake. Zimewaokoa watu wengi. Kabla ya kulipa, fika mwenyewe na uulize kama kuna mhudumu wa afya anayewatembelea, kama mgonjwa wa pombe hupelekwa hospitali kwanza, na kama ndugu wanaruhusiwa kumwona bila taarifa. Penye mnyororo au fimbo, rudi naye nyumbani.

Ukikosa pa kuanzia, nchini Kenya mamlaka ya NACADA hupokea simu bure kwa namba 1192, na Tanzania Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hutumia namba 119.

Hatua ya nane: ujue kuokoa pumzi

Wakati wa hatari kubwa ya kifo ni pale mtu anapotoka soba, jela au rumande, kwa sababu mwili umesahau dozi ambayo yeye mwenyewe bado anaikumbuka. Nyumba nzima ijue dalili za mtu aliyezidisha dozi: haamki hata akitikiswa, pumzi ni chache au anakoroma kwa sauti ya majimaji, midomo na kucha zimegeuka kijivu au bluu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta.

Muite jina, msugue kifua katikati kwa vifundo vya vidole. Asipoitika, tuma mtu atafute gari, mlaze chali, inua kidevu, bana pua na umpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano mpaka apumue au msaada ufike. Naloksoni, dawa inayoondoa athari ya heroini mwilini, ikiwepo, mpeni. Hurudisha pumzi, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko ya heroini, kwa hiyo hospitali bado inahitajika. Akianza kupumua mlaze ubavu. Maziwa, maji ya chumvi na ndoo ya maji baridi havisaidii, na kinachomiminwa mdomoni mwa mtu asiye na fahamu huingia mapafuni. Wala msimwache alale mpaka dawa iishe. Wengi hufa wakiwa wanasikika wakikoroma.

Hatua ya tisa: yarudie maisha yako, na umrudishie yake

Rudi kwenye safu ya tatu ya daftari. Chagua kitu kimoja na ukirejeshe wiki hii, bila kusubiri yeye apone: kliniki ya presha, kwaya, darasa la jioni, genge lako la mboga. Tafuta ndugu wengine wa waraibu. Kliniki na asasi zinazohudumia waraibu zinaweza kukukutanisha nao, na ikishindikana, wanawake watatu wanaokutana alasiri ya Jumamosi wanatosha kuanza.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuja kaka alipoanza methadoni Dar es Salaam, akikaa kwa shangazi. Mama, aliyekuwa ameliombea jambo hilo kwa miaka, alianza kuumwa. Hakuwa na wa kumlinda, na mikono yake haikujua pa kukaa. Alipiga simu kliniki mara tatu kwa siku, akataka kumtunzia kadi, akambishia muuguzi kuhusu dozi. Huo nao ni utegemezi mwenza, umevaa nguo safi. Mtu anayepona anahitaji kurudishiwa mambo yake kidogokidogo: kwanza kadi yake ya kliniki, kisha nauli ya siku moja, kisha ya wiki, kisha ufunguo wa chumba chake, na mwisho fedha za kazi yake mwenyewe. Akiteleza, na wengi huteleza, rudisheni hatua moja nyuma, arudi kliniki kesho yake, na kanuni za fedha zianze upya bila hotuba.

Ufunguo wa kabati mama aliuvua mwezi wa nane wa dozi. Aliutundika kwenye msumari jikoni, na kwa wiki kadhaa aliugusa kila alipopita.